Nimekaa na mkoba wa nyundo za mwenzangu, nitaurudishaje?

Kokoto254: Wadau, naombeni ushauri. Miezi mitano iliyopita tulienda kuokota mawe barabara ya Magadi, watu tisa. Jioni tukipakia gari nikakuta mkoba wa turubai chini ya mgunga. Ndani mna nyundo ya mawe, ile yenye kichwa cha mraba upande huu na ncha upande ule, tindo mbili, lenzi ya kukuza mara kumi na miwani ya kukinga macho. Nikautia kwa gari nikijua mwenyewe ataulizia. Mpaka leo uko chini ya kitanda changu. Nataka kuurudisha bila maneno mengi. Nikiutuma na matatu za vifurushi kutoka River Road utafika salama?

FundiKamukunji: Utafika, funga vizuri tu. Lakini angalia vichwa vya hizo tindo. Tindo ikishachanua kama uyoga, isugue kwanza kwa mashine, maana vipande vyake huruka kama risasi. Na usigonge nyundo kwa nyundo. Mimi nina kovu juu ya jicho tangu nikivunja marumaru Kajiado, sikuwa nimevaa miwani. Daktari alisema ni bahati. Mama yangu alisema ni maombi yake.

MamaMawe: Pole fundi. Kokoto, mlikuwa tisa na miezi mitano imepita. Si ungeuliza tu palepale "huu ni wa nani"? Mwenyewe unamjua?

Kokoto254: Namjua. Jina limekwaruzwa kwenye shingo ya nyundo. Mtoto wangu aliugua wiki ile, mambo yakanizidi.

Mwalimu_Mstaafu: Kumbukumbu la Torati 22: ng'ombe wa nduguyo akipotea, mrudishie. Nguo yake pia, na kila alichopoteza. Nilifundisha miaka thelathini na moja na kila muhula nilirudia hili. Vijana wa leo mnataka kurudisha kitu kama mnaotoroka.

MamaMawe: Mwalimu, ngoja kidogo. Kokoto, mwenye mkoba aliulizia ama hakuulizia?

Kokoto254: Aliulizia. Usiku uleule, kwa kundi letu la WhatsApp.

MamaMawe: Na ukanyamaza?

Kokoto254: Kabla sijafungua simu alikuwa ameshasema ni yule kijana wa kule aliyetuongoza na kutubebea maji. Wengine wakaitikia. Mwenye mkoba alikuwa hajamlipa kijana hela za siku, akazikata. Tangu hapo hatumwiti tena. Ningejitokeza baadaye ningeitwa mwizi mimi. Nimeshapanga: mkoba nautuma bila jina la mtumaji, na kijana namtumia kitu kidogo kwa M-Pesa. Kila mtu atakuwa amepata haki yake. Nyundo yenyewe nimeitumia mara mbili tu, kwa obsidiani, yale mawe ya kioo cheusi cha volkano, tuliyoleta siku ile.

MamaMawe: Mkoba usio na jina ukifika, watasema kijana amejuta akarudisha. Utakuwa umempiga muhuri wa wizi kwa mkono wako.

Ngong_Upepo: Aisee.

KiooCheusi: Mnahangaikia hadithi ya kutungwa. Nimezunguka barabara ya Magadi miaka mingi, sijaona obsidiani ya kujaza mfuko. Hata ile iliyochimbuliwa Olorgesailie, pale pa mambo ya kale kando ya barabara hiyo, ilibebwa huko na watu wa kale kutoka mbali, takriban miaka 300,000 iliyopita. Huyu hajawahi kushika jiwe.

Ngong_Upepo: Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwombea!

Mwalimu_Mstaafu: Uongo juu ya wizi.

Kokoto254: Si uongo. Ilikuwa Eburru, ule mlima karibu na Naivasha. Nilibadilisha mahali kwa sababu mwenye mkoba husoma hapa.

KiooCheusi: Eburru nakubali, huko ipo. Lakini jibu hili. Umesema kijana utamtumia M-Pesa. Nambari yake umeitoa wapi, ikiwa hamumwiti tena?

Kokoto254: Ninayo. Nilimtumia mia tano mwezi wa pili. Akapiga kuuliza ni za nini. Sikushika.

KiooCheusi: Sawa. Hilo mtu hatungi.

MamaMawe: Mpigie leo, kabla ya mwenye mkoba. Mwambie mkoba ulikuwa kwako tangu siku ile. Kisha uandike hayohayo kwa kundi, kwa jina lako, palepale aliposemwa. Na hela zake za siku mzitoe, si mia tano.

Kokoto254: Nina watu wa kazini kwa hilo kundi.

MamaMawe: Na yeye alikuwa na kazi.

FundiKamukunji: Mkoba upeleke kwa mkono, jina likiwa palepale kwenye nyundo, usilisugue. Hizo tindo niletee, nitakusugulia vichwa bure. Niko Kamukunji kila siku isipokuwa Jumapili.

Kokoto254: Nitakuja Jumamosi. Kijana nampigia saa hizi, huwa hajalala.