Kikundi cha Ukoo: Wakili, Mtoto na Mkopo Tusioutaka

Neema (Gungu), Jumatano, saa 1:12 usiku
Shikamooni wazee wangu, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Mtoto tuliyekabidhiwa kwa malezi ya kambo amekaa nasi tangu Februari, na sasa Afisa Ustawi wa Jamii ametuambia kwamba tunaweza kupeleka maombi ya kumwasili, yaani awe mtoto wetu kisheria, katika Mahakama Kuu, Kanda ya Kigoma. Wakili tuliyemwona anataka shilingi 1,500,000, nasi tunazo 640,000 tu. Mume wangu anaona tukope. Mimi sitaki, lakini kabla sijaendelea kubishana naye nyumbani nimeona niwaulize ninyi.

Kaka Mkubwa (Tabora), saa 1:20
Hongera sana, mdogo wangu. Kwa maoni yangu kopeni, jambo liishe. Mimi nyumba yangu niliipaua kwa mkopo na nikaulipa wote, tena kabla ya muda. Fedha hiyo si ya kumfanya mtoto asubiri.

Shangazi (Kibirizi), saa 1:41
Marahaba, Neema. Wewe wa Tabora una mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, ndiyo maana mkopo ulikutii. Mume wa Neema anakula kwa dagaa, na dagaa wanafuata giza: mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, mitumbwi inalala mwaloni, na anayekudai hahesabu siku kwa mbalamwezi. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, mimi nilikuwa na deni la kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba ya kuumiza. Nilipewa 500,000 saa nne asubuhi bila kuulizwa hata jina la mwenyekiti wangu wa mtaa, kwa sharti la kurudisha 650,000 ndani ya siku 30. Siku ya 31 walikuja na bajaji wakachukua jokofu, kisha yule kijana mmoja akarudi ndani akachukua na mizani. Jokofu nililisamehe. Mizani ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwa sababu mwenye kuuza dagaa bila mizani ni mtazamaji tu sokoni.

Baba Mdogo (Ujiji), saa 2:03
Poleni na hongereni. Kabla hatujasema zitoke wapi, naomba kujua zinakwenda wapi. Hiyo 1,500,000 analipwa nani, na kwa kazi gani? Nauliza kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kulipwa ili atoe mtoto wa kuasiliwa, na mahakama haiwezi kulifumbia macho jambo hilo.

Neema (Gungu), saa 2:15
Baba Mdogo, hakuna aliyetudai chochote kwa ajili ya mtoto. Fedha hizo ni za wakili kuandaa maombi na hati za viapo, na kuhudhuria shauri mpaka amri itoke. Ada za mahakama, picha na nakala ziko kando. Ustawi wa Jamii hawakutudai hata senti. Afisa alipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimepika wali na migebuka, nimetandika vitambaa kwenye makochi, naye hakuvitazama. Alikwenda moja kwa moja chooni, akasukuma mlango, akaona hauna komeo. Akatoka uani, akaona pipa la maji halina mfuniko, akaandika katika daftari lake. Komeo lilitugharimu 4,000 na mfuniko 12,000. Aliporudi mara ya pili aliligusa komeo kwanza, ndipo akanisalimia.

Shemeji (Kasulu), saa 2:38
Shemeji Neema, mimi natunza vitabu vya kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa hiyo nivumilieni nihesabu. Kosa ninaloliona ni kuichukulia 1,500,000 kama nauli ya treni, ambayo usipoilipa yote dirishani huwezi kusafiri. Shauri la kuasili haliishi kwa siku moja: maombi yanafunguliwa, mahakama inamteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika shauri hilo, ambaye mara nyingi ni Afisa Ustawi wa Jamii, naye anachunguza na kuwasilisha taarifa, ndipo maombi yanaposikilizwa na amri kutolewa. Kazi ya wakili inakwenda kwa hatua, basi na malipo yake yaende kwa hatua, na mkubaliane kwa maandishi. Tena mwombeni apunguze. Mawakili wengi wanapunguza wakielezwa hali kwa uwazi, ila hakuna anayepunguza asipoombwa.

Shemeji (Kasulu), saa 2:44
Nimesahau jambo moja. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Sidhani kama ninyi mtahesabiwa humo, kwa kuwa mna boti na injini, lakini kuuliza hakuna gharama. Angalizo langu ni kwamba msaidizi wa kisheria anaweza kukuelekeza na kukusaidia kuzielewa karatasi, lakini hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako.

Kaka Mkubwa (Tabora), saa 2:50
Nakubali kwamba nilizungumza kama mwenye mshahara. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri? Ile haina riba, na Neema ni mwanamke mwenye kikundi.

Shemeji (Kasulu), saa 2:57
Haina riba, ni kweli, lakini inatolewa kwa kikundi kwa ajili ya mradi. Neema akichukua fedha za kikundi za kukamua mawese akamlipa wakili, mawese hayatakuwapo, marejesho hayatakuwapo, na watakaobanwa ni wenzake ambao hawakumwasili mtu.

Binamu (Mwandiga), saa 3:10
Samahani kwa kuchelewa. Mbona mnajitesa? Ninamfahamu mtu ambaye kwa 300,000 anawatengenezea cheti cha kuzaliwa chenye majina yenu wawili kama wazazi, mahakamani hamfiki kabisa.

Baba Mdogo (Ujiji), saa 3:14
Ujumbe huo uufute sasa hivi.

Baba Mdogo (Ujiji), saa 3:26
Naeleza ili asiwepo atakayesema nilifoka bila sababu. Mtoto anayeasiliwa kwa amri ya mahakama anaandikishwa kwa Msajili Mkuu, huko RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, katika daftari la watoto walioasiliwa, na kuanzia hapo ni mtoto wa Neema na mumewe mbele ya mtu yeyote. Hicho cheti cha 300,000 ni taarifa ya uongo katika karatasi ya serikali, na hilo ni kosa la jinai. Siku ya kutafuta kitambulisho cha taifa, au siku ndugu watakapogombania kiwanja baada ya sisi kufa, karatasi hiyo itachunguzwa, na atakayeonekana mgeni ni mtoto ambaye hakuomba lolote. Huo si unafuu, ni deni ambalo mmemwandikia yeye alilipe.

Binamu (Mwandiga), saa 3:31
Nimefuta, Baba Mdogo. Naomba radhi, na kwa Neema pia.

Baba Mdogo (Ujiji), saa 3:40
Yamekwisha. Sasa mimi napendekeza tuchange. Kila kaya 50,000, tunamaliza wiki hii.

Neema (Gungu), saa 3:58
Nawashukuru mno, lakini naomba mniruhusu kukataa. Ukoo wetu hausahau michango. Mpaka leo tunajua nani alitoa ngapi kwenye harusi ya mwaka 2011. Sitaki mtoto akosee kidogo shambani, kisha mtu amwambie kwamba alimchangia 50,000. Mwenye kupenda kumletea shuka, ndoo au kandambili amletee kama tunavyomletea mtoto yeyote anayezaliwa. Wakili tutamlipa sisi. Naomba pia picha zake zisisambazwe nje ya kikundi hiki.

Shangazi (Kibirizi), saa 4:02
Amesema kweli. Mimi kitanda nimekwishamwambia fundi wa Mwanga, cha mninga, chenye kingo. Hicho si mchango, ni kitanda cha mjukuu wangu.

Neema (Gungu), Ijumaa, saa 12:30 jioni
Tumetoka kwa wakili. Ameshuka hadi 1,200,000, na tumeandikiana: 500,000 anapofungua maombi, 400,000 yanapoanza kusikilizwa, na 300,000 amri ikishatoka. Katika zile 640,000 zinabaki 140,000 za ada, nakala na picha. Zinazopungua ni 700,000. Kikoba chetu kinavunjwa Desemba na fungu langu ni 380,000. Zile 320,000 zinazobaki tutaziweka katika giza nne zijazo za uvuvi, 80,000 kila giza, kabla fedha ya samaki haijaingia nyumbani. Wakili amekubali kusubiri iwapo shauri litakwenda mbio kuliko kikoba.

Mume wa Neema (Gungu), saa 2:11 usiku
Nawasalimu nyote. Nimekuwa nikisoma tu bila kujibu, na nina sababu. Jumatatu iliyopita nilikwishajaza fomu ya mkopo mahali fulani na kuwaachia risiti ya injini kama dhamana, na mke wangu hakujua. Fedha sijachukua. Shangazi alipoitaja mizani nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti, maana injini ndiyo mizani yangu. Kesho asubuhi naifuata hiyo risiti.

Shangazi (Kibirizi), saa 2:13
Usiende peke yako. Nipitie, nitavaa miwani nisome walichokuandikia.

Mume wa Neema (Gungu), Jumamosi, saa 5:47 asubuhi
Risiti imerudi, na fomu wameichana mbele ya Shangazi. Walitaka 10,000 ya usumbufu. Shangazi aliwauliza risiti ya huo usumbufu, wakaacha. Sasa natafuta bisibisi nilipandishe komeo la choo juu zaidi, kwa sababu tangu jana mtoto amejua kulifunga akiwa ndani, na leo Neema amembembeleza nusu saa mlangoni.