Uuguzi nusu onlaini nusu darasani: mnatumwagia PDF halafu mnasema hatuna motisha!!

Wakuu nina hasira mnivumilie. Tumeitwa kikao tukasomewa eti wanafunzi wa uuguzi hatuna motisha, hatuingii kwenye mfumo wa masomo wa onlaini, video hatumalizi. Sawa, hatumalizi. Nyie mmewahi kuziangalia? Saa nzima na ushee mtu anasoma slaidi neno kwa neno, sauti inakwaruza, chini yake PDF kibao na "jadilini maneno 200", tunajadili na nani wakati mkufunzi hajawahi kujibu hata koma?

Kinachoniuma zaidi, si tuliambiwa nadharia tuimalize nyumbani ili tukikutana tushike vifaa? Sasa tunafika maabara ya vitendo, projekta inawashwa, slaidi ZILEZILE zinaanza upya! Aliyekesha na video anajiona mjinga, ambaye hakuangalia hajapoteza kitu, wiki ijayo nani ataangalia? Muda ukibaki kidogo ndo tunagombania mdoli mmoja wa mazoezi, wawili wanaingiza mpira wa kulishia puani wengine tunachungulia mabegani. Kupima urefu kuanzia pua hadi sikio hadi chini ya kidari, kuvuta majimaji ya tumboni upime pH (ukali wa asidi) kabla ya kulisha, yote naweza kukutajia hata usingizini ila mkono haujawahi kufanya. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza ndo awe mdoli wangu??

Kwizi nazo. Mwenzangu kakokotoa dripu, mililita 1000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, kaandika matone 41.7 kwa dakika, mfumo ukampiga kosa kwa sababu unataka 42. Hakuna maelezo. Angeambiwa tu kwamba tone halikatwi vipande yangeisha, yeye akadhani fomula yote mbovu, hesabu za dawa kazikimbia mpaka leo.

Kichekesho ni kwamba humohumo kwenye mfumo kozi ya saikolojia inatufundisha wanasaikolojia Deci na Ryan, kwamba motisha ya ndani inataka mtu awe na uamuzi wake, ajione anaweza, na ajisikie ana wenzake. Mkatutungia na mtihani! Halafu dawa yenu ni kuongeza alama za mahudhurio, sasa watu wanawasha video wanaenda kufua nguo, mfumo unasoma asilimia 100, mmefurahi.

Video fupi fupi za hatua za kazi, kesi ya mgonjwa ya kubishania, swali lijibiwe, maabara iwe ya mikono tu. Na msiniletee habari za vifaa, midoli mingine ipo, imefungiwa kabatini.

Mkufunzi yeyote aliyemo humu aje anijibu hilo la kurudia slaidi, hilo tu.