Hela za kikoba ziende kwenye hisa za kampuni ndogo au zibaki hatifungani? Watu wa Tanga tujadili

Wadau habari zenu, kikoba chetu huku Makorora kuna mvutano mkubwa na najua si sisi tu. Wengine wanataka akiba yote iwekwe kwenye hatifungani (unakopesha taasisi, inakulipa riba) kama ile ya maji ya Tanga UWASA ya 2024, asilimia 13.5 kwa mwaka kwa miaka 10, basi mtu unalala usingizi wako. Wengine tunasema sehemu ya hela inunue hisa za kampuni ndogo na za kati pale DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, ambazo bei yake iko chini ya mali zilizomo ndani. Mimi niko na hawa wa pili na naomba nipingwe kwa hoja.

Mfano wangu NICOL, kampuni ya uwekezaji. Ile haina kiwanda wala duka, mali yake kubwa ni hisa za NMB, kwahiyo hesabu yake haitaki digrii, unachukua ripoti ya mwaka unaangalia wana hisa ngapi za NMB, unazidisha na bei ya NMB ya leo, unaongeza mali nyingine, unatoa madeni, unagawa kwa idadi ya hisa za NICOL yenyewe. Ukipata buku afu sokoni inauzwa mia sita (namba za mfano tu hizi, kapigeni zenu) maana yake unauziwa mali chini ya bei yake. Na inabaki hivyo kwasababu wakubwa hawaji huku, mfuko wa pensheni wenye mabilioni ukianza kununua kampuni ndogo unapandisha bei wenyewe kabla haujashiba, wanakimbilia CRDB na NMB. Gawio nalo kodi yake ni asilimia 5 tu kwa kampuni iliyoorodheshwa.

Wa Chumbageni: Shehe nakuheshimu ila umeruka jambo. NICOL hiyo hiyo ilitolewa sokoni 2011 ikarudi 2018, miaka yote hiyo mtu ana hisa na hana pa kuziuzia. Mwenzetu akifiwa tumwambie asubiri? Afu lile dirisha la kampuni ndogo, EGM, lililoanza 2013, kampuni inaingia hata kama haina historia ya faida, mradi ina mshauri wake. Yetu Microfinance, benki ya mikopo midogo, iliingia huko 2016, Desemba 2022 BoT (Benki Kuu) ikachukua usimamizi. Na waliokuwa wakiiona bei ndogo walidhani wameokota.

Mama wa Pongwe: Nyie wanangu, hata kiwanda ukikiona kwa macho bado hujamaliza. Simba Cement, yaani kampuni ya Tanga Cement, tunaishi nayo jirani. Kampuni ya Scancem walikubaliana kununua asilimia 68.33 ya hisa zake kutoka kwa AfriSam aliyekuwa mmiliki mkubwa, 2022 baraza la ushindani likazuia, baadae ndo ikapita. Mwenye hisa zake mia mbili alikaa tu kusikiliza wakubwa wanavyovutana.

Mama shikamoo, hilo kweli, mwenye hisa chache hana sauti na bei aliyonunulia haimpi sauti. Chumbageni nawe NICOL umenibana, ila Yetu naomba tuitenganishe. Mali ya taasisi ya mikopo ni mikopo yenyewe, na mkopo kwenye vitabu unaandikwa kama utalipwa, kumbe nusu huenda imeshakuwa chechefu, kwahiyo hisa yake kuuzwa nusu ya thamani ya vitabu inawezekana soko limeona sawasawa kabisa. Mali ya NICOL ina bei sokoni kila siku ya kazi, hata mtoto wa sekondari anaihakiki. Ndo maana nasema tununue tu tunachoweza kukihesabu wenyewe, benki ndogo tuziache mpaka tupate mtu wa kutusomea mikopo chechefu na maoni ya mkaguzi, na dalali tumpe bei yetu ya mwisho, sio "ninunulie kwa bei yoyote", maana hisa isiyouzwa wiki nzima ile bei ubaoni ni ya zamani.

Ishu ya msiba, mfuko wa jamii hauguswi, mimi naongelea sehemu ya tano ya akiba ya muda mrefu. Sasa nikuulize Chumbageni, kikoba chenu mnakivunja kila Desemba mnagawana? Kama ndivyo basi hisa hizi haziwafai hata kidogo na hapo niko na wewe. Sisi hatuvunji, ndo maana nabishana.