Maji yametuleta shuleni, na wanaolala chini ya daraja nao wamekuja. Naombeni ushauri kabla hakujakucha

Jirani_wa_Bondeni:
Habari za usiku wakuu. Mto Msimbazi hapa Dar umetutoa majumbani juzi, tupo shule ya msingi ya jirani. Kaya 19 kwenye madarasa 3, madawati tumeyabebanisha ukutani, tunalala sakafuni juu ya maboksi na khanga. Jana jioni wameingia wanaume 7 wanaolala chini ya daraja, waokota makopo. Wawili kati yao ni mateja, hilo sihitaji kuambiwa. Nina binti wa miaka 13. Vyoo vinavyofaa ni matundu 2. Wanaume wa hapa wanasema watu hao watoke leo leo. Asubuhi mwenyekiti wa mtaa anakuja kwa ajili ya magodoro na unga. Niwaunge mkono wanaotaka watolewe au ninyamaze?

Mzee_Keko:
Pole sana mkuu. Watoeni. Mimi niliwahi kumhurumia kijana mmoja, nikamlaza barazani kwangu wakati wa masika, nikampa na shuka la marehemu mama. Siku ya nne nimeamka sina pampu ya maji, sina waya, hata koki ya bombani kaing'oa, maji yanatiririka uani. Shuka kaliacha, kalikunja vizuri kabisa. Mpaka leo nalifikiria lile shuka.

Binti_Rufiji:
Huyo ni dada, jamani, si mkuu. Dada, pole. Hofu ya binti yako ni ya kweli, usikubali mtu aidharau. Wanawake na watoto walale darasa moja, mlango ufungwe kwa ndani, na usiku asiende mtu chooni peke yake. Lakini pia usiwaangalie hao 7 tu. Aliyenisumbua mimi nikiwa mdogo alikuwa na nyumba, na tulimwita anko.

Ustadhi_Mwema:
Maji hayachagui. Leo wao hawana pa kulala na wewe pia huna. Wape nafasi, Mungu atakulipa.

Fundi_Gereji:
Ustadhi, magodoro hayatoki mbinguni, yanatoka kwenye orodha. Mleta uzi, swali moja: wewe ni nani hapo? Kaya 19, mbona uamuzi unakuumiza kichwa wewe?

Jirani_wa_Bondeni:
Daftari ninalo mimi. Mwandiko wangu unasomeka, ndiyo sababu nikapewa.

Fundi_Gereji:
Majina yao yamo?

Jirani_wa_Bondeni:
Yamo kwa penseli.

Fundi_Gereji:
Na ya wengine?

Jirani_wa_Bondeni:
Kwa kalamu. Na nisiwafiche, manne nimeshayafuta. Kabla hamjanihukumu, tazameni daftari lenyewe: jina la mkuu wa kaya, namba ya nyumba, mjumbe wa shina. Wale hawana nyumba, hawana mjumbe wa kuwasemea, kitambulisho hakuna hata mmoja. Nikiwaandika, mwenyekiti atauliza hawa ni kaya ya nani, halafu aanze kutilia shaka daftari zima. Nina wajane wawili humu. Nina mama mwenye mtoto wa wiki tatu. Naomba mnielewe, sijafanya kwa roho mbaya.

Mpangaji_wa_Zamani:
Dada, nakuelewa na inaniuma. Desemba 2011 nilikuwa Jangwani, chumba kimoja, mpangaji. Tulipofika shuleni aliandikwa mwenye nyumba. Mimi nikaulizwa, "Wewe nani anakujua?" Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale, anajua hata siku ninayolipa kodi, akatazama chini. Nililala siku tano na shati nililotoka nalo majini. Baadaye watu wakapelekwa Mabwepande kwenye viwanja vipya, mimi nikarudi bondeni, ningeenda wapi? Sikumchukia mwandishi. Ila uso wake naukumbuka.

Msomi_Ughaibuni:
Oktoba 2019 nilikuwa Tokyo, kimbunga Hagibis kikapita. Wilaya ya Taito iliwakatalia wasio na makazi kituo cha kujihifadhi kwa sababu hawakuwa wakazi wenye anwani hapo, na upepo nje unavuma. Watu walikasirika, mkuu wa wilaya akaomba radhi. Kule pesa ipo, vituo vipo. Kilichowakwamisha kilikuwa anwani.

Afya_Mtaani:
Niongeze la choo. Mkiwafukuza hawatapotea, watalala nyuma ya ukuta na kujisaidia hapo hapo, na maji ya mafuriko yanazunguka. Dar tunaijua kipindupindu. Tafuteni dawa ya maji, ndoo ya kunawia iwekwe mlangoni. Na hao wawili waulizeni kama wanakunywa methadone, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hospitali ya Mwananyamala au Muhimbili. Mtu anayehudhuria dozi kila siku siyo wa kumwogopa usiku.

Kijana_wa_Goba:
Hii ni chai, tena ya rangi. Juzi huku kwetu haikudondoka tone, nimefua na nguo zikakauka. Mafuriko gani hayo? Halafu eti penseli na kalamu. Mtu anaandika hadithi, nyie mnalia.

Mzee_Keko:
Hata mimi nilianza kushtuka. Simu anachajia wapi?

Mwalimu_Pugu:
Mvua ilinyesha huku kwetu kuanzia saa mbili usiku. Msimbazi inaanzia kwenye vilima hivi vya Pugu. Mtu wa bondeni anaweza kulala nyota zinaonekana akaamka godoro linaelea. Kijana, usimwite mwenzio mwongo kwa sababu nguo zako zimekauka.

Jirani_wa_Bondeni:
Simu nachajia kwa mlinzi wa shule, shilingi 500. Kijana, unataka ukweli? Saa tisa usiku mtu aligonga mlango wangu kwa mfuniko wa sufuria. Nikamtukana, nikadhani mlevi. Akaendelea, mlango hadi mlango, "Maji! Maji!" Nilipoweka mguu chini yakanifika kwenye kifundo. Wakati namaliza kuwatoa watoto yalikuwa kiunoni, na friji ya jirani imelala chali inazunguka. Aliyegonga ni mzee wa makopo wa pale darajani. Maboksi yake ndiyo yalianza kuelea, yeye akayaacha.

Binti_Rufiji:
Naye ni kati ya hao 7?

Jirani_wa_Bondeni:
Ndiyo.

Fundi_Gereji:
Kati ya manne uliyofuta?

Jirani_wa_Bondeni:
La kwanza. Nilikuwa nimeandika "Babu Makopo", nikaona mwenyekiti atacheka.

Mpangaji_wa_Zamani:
Dada. Kwenye safu ya mjumbe andika jina lako wewe.

Fundi_Gereji:
Na usilibebe peke yako. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya chini. Mwambie mwenyekiti mbele ya watu: hawa 7 wapo, maji yamewatoa walipokuwa wanalala. Akikataa, akatae kwa mdomo wake.

Kijana_wa_Goba:
Mwalimu, nimekusikia. Dada, samahani.

Jirani_wa_Bondeni:
Wanaume bado wamekasirika, mmoja hanisemeshi. Binti yangu nimemhamishia darasa la akina mama, mlango tumeufunga kwa khanga na dawati. Sita nimeshawaandika kwa kalamu, wawili wanahudhuria Mwananyamala, nimewauliza. Daftari linataka majina matatu, na huyu mzee namjua kwa hilo moja la makopo tu. Yuko macho pale kizingitini, naenda kumuuliza.