Waifai inaishia mlangoni mwa chumba cha nyuma

Kutoka South B:

Ndugu zangu, habari za kazi. Nyumba ni ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, kuta za mawe. Faiba ya Mbps 20. Sebuleni mambo shwari, lakini chumba cha nyuma simu ya video na wazee Tanga inaganda kila baada ya dakika. Kampuni inashauri tupande hadi Mbps 40. Ipo ruta nyingine iliyokuja kwenye begi kutoka Dar; ilipochomekwa kwenye kisanduku cha faiba, intaneti ilipotea nyumba nzima. Tuanzie wapi?

Kutoka Kasarani:

Msipande kifurushi bado. Simu ya video ya WhatsApp haili hata robo ya hiyo Mbps 20, kwa hiyo mkilipia 40 chumba cha nyuma kitabaki vilevile.

Pimeni kipande kwa kipande. Laptopu ichomekwe kwa waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba) la kisanduku cha faiba, waifai yake izimwe, halafu mpime kasi. Mkipata 18 hadi 20, laini ya kampuni haina kosa. Sasa fungueni dirisha la amri muandike ping 192.168.1.1 (ping ni amri inayopima jibu linachukua muda gani kurudi), au anwani yoyote iliyobandikwa chini ya kisanduku (nyingi za Huawei ni 192.168.100.1). Kwa waya, majibu hurudi ndani ya milisekunde moja au mbili. Chomoeni waya, nendeni chumba cha nyuma, rudieni ping ileile kwa waifai. Namba zikianza kuruka, 40, mara 300, mara jibu lisirudi kabisa, basi kosa limo humohumo ndani ya nyumba na fundi wa kampuni hana la kufanya.

Ping ya kisanduku ikiwa safi, jaribuni 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya nyumba. Hiyo ikijibu lakini kurasa hazifunguki kwa majina, shida ni DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: wekeni 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya DHCP, yaani sehemu ya ruta inayogawia vifaa anwani. Na siku tovuti za hapa zinafunguka haraka ila za nje zinakokota, huenda ni kebo za baharini, kama Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika. Hapo kuzima na kuwasha ruta ni kujichosha.

Turudi kwenye kuta. Majengo mengi ya Nairobi ni ya mawe ya kuchonga na nguzo za zege zenye nondo. Masafa ya 5 GHz yakivuka ukuta mmoja wa namna hiyo yanatoka yamechoka. Wa pili ni bahati nasibu. Ya 2.4 GHz hupenya zaidi, ila ndiyo yanayogombaniwa na jengo zima pamoja na maikrowevu ya jikoni. Fundi naye hupenda kufunga kisanduku pale faiba inapoingilia, nyuma ya TV, na mgongo wa TV ni bati. Kukitoa hapo na kukiweka juu ya kabati, mita moja na nusu au zaidi kutoka sakafuni, mara nyingi kunaleta nafuu kuliko pesa yoyote.

Kwenye 2.4 GHz wekeni upana wa 20 MHz na mchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wanasikika kwa udhaifu zaidi (programu ya WiFi Analyzer kwenye simu ya Android itawaonyesha). Wapo wanaochagua 3 au 4 wakidhani ni katikati pasipo na mtu. Chaneli hizo hupokea kelele za pande zote mbili. Kwenye 5 GHz bakini kati ya 36 na 48. Kuanzia 52 hadi 144 ruta inalazimika kusikiliza rada, na ikihisi moja huhama ghafla, kisha husubiri walau dakika moja kabla ya kurusha tena kwenye chaneli nyingine ya aina hiyo. Nyie wa South B na South C, na uwanja wa ndege wa Wilson uko hapo jirani, msiache mambo haya kwenye otomatiki.

Kutoka Kilimani:

Naongezea kuhusu ile ruta ya Dar. Intaneti ilipotea kwa sababu inaelekea ruta zote mbili zinajiita 192.168.1.1 na zote zinagawa anwani. Fanyeni hivi, na mfuate mpangilio wake.

Ruta ya Dar ikiwa peke yake, bila kuguswa na kisanduku cha faiba, bonyezeni kitufe cha Reset kwa pini sekunde kumi. Unganisheni laptopu kwenye tundu lake la LAN, ingieni kwenye ukurasa wake. Ikiwa na hali ya Access Point, chagueni hiyo na kazi imekwisha. Kama haina, badilisheni anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2, hifadhini, isubirini iwake upya, ingieni tena kwa anwani hiyo mpya, ndipo mzime DHCP. Mkianza kwa kuzima DHCP, laptopu itakosa anwani na mtafungiwa nje hadi muiandikie kwa mkono, mfano 192.168.1.50. Angalieni pia kisanduku cha faiba kisiwe kinagawa hiyo .2 kwa simu. Anzisheni mgao wake kwenye .10.

Mwisho, waya utoke LAN ya kisanduku uingie LAN ya ruta ya Dar. Tundu la WAN (la kuingizia intaneti) libaki tupu. Jina la waifai na nywila viwe vilevile, usalama WPA2, chaneli tofauti.

Msibonyeze Reset kwenye kisanduku cha kampuni hata kwa kujaribu. Kama laini inatumia PPPoE, jina na nywila yake vinaweza kufutika, na mtakaa mkisubiri huduma kwa wateja.

Waya uwe Cat5e ya shaba tupu. Mkikata vichwa wenyewe, rangi zifuatane hivi ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kabla ya kutoboa ukuta ulizeni msimamizi wa jengo kama paipu ya waya wa TV inafika chumbani. Nyingi zimekaa tupu. Kifaa cha kurudufisha waifai bila waya kiwe chaguo la mwisho, na kikae kwenye korido, maana kikiwekwa chumbani kitarudufisha ileile waifai mbovu.

Kutoka Embakasi:

Vipi stima ikipotea? Sasa mna vifaa viwili vya kulisha. Someni adapta kabla ya kununua UPS ndogo (betri ya kushikilia stima ikipotea): kisanduku huwa 12V, ruta nyingi ndogo ni 9V, na ruta ya 9V ikipewa 12 inaweza kuungua. Hakikisheni pia kichwa cha waya (kilichozoeleka ni milimita 5.5 kwa 2.1) na kwamba chanya iko katikati. Wauzaji husifia mAh 10,400, lakini namba hiyo imepimwa kwa volti 3.7, yaani takriban Wh 38. Vifaa viwili vikila wati 10 kwa pamoja, hesabuni saa tatu.

Na UPS ikishika lakini intaneti isirudi, tazameni taa ya LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: faiba imekatika au imekunjwa kupita kiasi, ipeni duara pana la kama sentimita 6. Msichungulie ncha yake. Ikiwa mmeunganishwa kwa waya wa Ethaneti kutoka kampuni ndogo ya mtaa, basi kuna swichi mahali fulani ngazini, nayo imezimika pamoja na jengo.

Kutoka Kasarani:

Sikubaliani kidogo na Kilimani kuhusu jina moja la waifai. Linafaa, ila simu nyingi hung'ang'ania ruta ya sebuleni hata mkiwa kitandani. Punguzeni nguvu ya 2.4 GHz ya sebuleni iwe ya kati. Ikishindikana, ipeni waifai ya chumbani jina lake.