Mrejesho: kasha la kompyuta nimeshapata

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nichukue kasha lenye kioo mbele au lenye wavu, maana kompyuta ilikuwa inachemka nikicheza gemu. Nimechukua la wavu, kama wengi mlivyoshauri. Feni mbili za milimita 140 mbele zinavuta hewa, moja ya 120 nyuma inaitoa. Kadi ya grafiki ilikuwa inagonga nyuzi 84, sasa haivuki 71, na makelele yamepungua. Bati ni nene, kingo zimekunjwa vizuri. Lile la zamani lilinichana vidole kila nilipolifungua. Kero ni kichujio cha vumbi cha chini, kukitoa mpaka ulilaze kasha zima. Aliyeniambia nipime kwanza urefu wa kadi, asante sana: imebaki nafasi ya kidole kimoja tu!