NVDA: naweza kuweka sauti tofauti kwa Word na Excel?

Mtumishi_Makole:
Salaam wadau. Ofisini hapa Dodoma natumia NVDA, programu ya kunisomea skrini kwa sauti, kwenye Windows. Mihtasari ya vikao naiandika kwa Kiswahili kwenye Word, bajeti iko Excel. Nikiweka sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG (injini ya sauti ndani ya NVDA) kwa ajili ya Word, na Excel nayo inabadilika. Tena huko fomula zinasomwa bila mabano. Kuna namna ya kuipa kila programu mpangilio wake?

Kizota_Kompyuta:
Ipo, inaitwa profaili. Fungua Word kwanza, maana NVDA huunganisha profaili na programu uliyopo wakati huo. Ukiwa ndani yake bonyeza NVDA+Control+P (kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert), nenda kitufe cha New, andika jina, kisha kwenye orodha ya matumizi chagua "Current application". Bonyeza OK.

Rudi Word, bonyeza NVDA+Control+V, uchague sauti na kasi. Sikiliza jina la dirisha hilo: lazima litaje profaili yako. Likitaja "normal configuration", acha, la sivyo utabadilisha kila kitu.

Excel ifanyie vivyo hivyo, ila huko pia bonyeza NVDA+P mara kadhaa mpaka usikie "all". Kiwango cha kawaida cha kusoma alama ni "some", nacho huruka mabano. Ndipo =SUM(B2:B40) itasomeka yote ukiingia kwenye seli kwa F2.

Ukimaliza bonyeza NVDA+Control+C. Mabadiliko hukaa kwenye kumbukumbu ya muda hadi uyahifadhi au uifunge NVDA, kwa hiyo umeme ukikatika kabla yanapotea.

Mdau_Singida:
Nyongeza kwa Word, ndugu yangu. Hati nyingi za ofisi zimewekewa lugha ya Kiingereza hata kama maneno ni ya Kiswahili. NVDA ikiona alama hiyo inahamia sauti ya Kiingereza, nawe utadhani profaili imegoma. Kwenye mipangilio ya sauti, ndani ya profaili ya Word, ondoa tiki ya "Automatic language switching".

Kwenye bajeti simama kwenye seli ya kwanza ya vichwa vya safu wima, bonyeza NVDA+Shift+C mara moja. Ukishuka chini utatajiwa kichwa kila unapohama safu wima, bila kupanda juu kukitafuta. Kwa jedwali pana hili ni muhimu kuliko sauti yenyewe.

Mtumishi_Makole:
Asanteni sana. Na Chrome je? Tovuti moja ya Kiswahili, nyingine ya Kiingereza.

Kizota_Kompyuta:
Hapo profaili haitofautishi, inafuata programu, haiangalii tovuti. Soma za Kiswahili kwenye Firefox yenye profaili yake, Chrome ibaki ya Kiingereza. Au tengeneza profaili ya "Manual activation" uiwashe mwenyewe, lakini ukimaliza izime: ikiwa hai inazishinda za programu, na chochote utakachobadilisha ukiwa Word au Excel kitaandikwa humo.